Bustani nne za burudani zilizopotea kando ya bahari: uchague ipi kwa kazi yako?

Mwanafunzi wa utalii, wa historia au wa mipango ya miji hapa Goma akitaka kuandika juu ya ufuko wetu wa Kivu, atahitaji mfano wa mahali pengine. Ziwa letu halina historia ndefu ya bustani kubwa za burudani. Pwani za Marekani na Ulaya zinayo, ya zaidi ya miaka mia moja, na sehemu kubwa ya historia hiyo inahusu vitu ambavyo havipo tena. Vijana wanaotayarisha ekspoze au TFC (kazi ya kumalizia masomo ya chuo) wanauliza: nichukue ipi? Ukizitazama kwa mbali zinafanana zote. Kila moja ilikuwa na taa, muziki na mashine za kupandisha watu juu na kuwashusha kwa kasi, kisha ikafa. Ukisogea karibu zinatofautiana sana, na ukichagua vibaya utajaza kurasa kumi juu ya moto wakati swali lako lilihusu parsele.

Naweka hapa nne. Mbili ni za Coney Island, mjini New York: Dreamland na Steeplechase Park. Ya tatu ni Pacific Ocean Park ya Santa Monica, California. Ya nne ni Dreamland nyingine, ya Margate, kusini-mashariki mwa Uingereza, iliyopotea kisha ikarudi. Baada ya hizo naongeza maneno machache juu ya moja ya Ubelgiji.

Maswali ya kuuliza kabla ya kuchagua

La kwanza ni sababu ya kifo: ni moja na inaeleweka, au ni nyingi zilizosukana? La pili ni ardhi: ilikuwa ya nani, ikaenda kwa nani, leo pana nini? La tatu ni mabaki: una kitu cha kuwaonyesha watu, au una maneno matupu? La nne ni uhusiano na huku kwetu, maana kwenye utetezi wa kazi hakukosi mtu wa kuuliza, "Sasa haya yanatuhusu nini sisi watu wa Kivu?"

Kwangu swali la ardhi ndilo zito kuliko yote. Moto ulizipitia bustani nyingi za pwani kwa sababu zilijengwa kwa mbao, na baadhi zilijengwa upya, tena nzuri kuliko mwanzo. Kilichozimaliza kabisa mara nyingi ni mwenye ardhi kuona kwamba faida yake sasa iko kwingine. Hata hivyo si kila kazi inahitaji swali hilo, kwa hiyo nimezipitisha zote nne katika maswali yale yale.

Dreamland ya Coney Island (1904–1911)

Ilifunguliwa Mei 1904 na William H. Reynolds, mwanasiasa aliyefanya pia biashara ya nyumba na viwanja. Ng'ambo ya barabara palikuwa na Luna Park, iliyofunguliwa mwaka mmoja kabla na kujitangaza kwa taa 250,000 za umeme. Reynolds akatangaza taa milioni moja. Majengo yakapakwa rangi nyeupe, na katikati ukasimama mnara wa futi 375, yaani kama mita 114. Wakati ule nyumba nyingi za New York zilikuwa hazijapata umeme. Fikiria familia inayoishi kwa taa ya mafuta inafika pale kwa meli jioni, na mnara mzima unawaka mbele yao.

Ndani ya Dreamland, Martin Couney alionyesha watoto njiti wakiwa ndani ya kuvezi, yaani mashine za kuwatunzia joto. Hospitali nyingi hazikuwa na mashine hizo. Wazazi hawakulipa kitu. Wauguzi na matunzo vililipwa kwa senti 25 za kila aliyeingia kutazama. Couney aliendelea na kazi hiyo Coney Island hadi 1943. Unaweza kubishana usiku kucha kama ni halali kuwaonyesha watoto kwa tiketi, lakini wengi walipona pale ambapo kwingine wasingepona.

Upande mwingine wa mambo hayo ni mgumu kuusoma. Dreamland ilikuwa na kijiji ambamo mamia ya watu wafupi waliishi ili watazamwe. Luna Park nayo ilileta Waigorot kutoka Ufilipino mwaka 1905 na kuwaweka kwenye kijiji cha maonyesho. Mkongomani hawezi kusoma hayo na kupita. Mwaka 1897, kwa amri ya Leopold II, Wakongomani 267 walipelekwa Ubelgiji na wakaonyeshwa Tervuren. Saba walikufa huko na makaburi yao yapo mpaka leo. Ukichukua Dreamland, usiiache sura hiyo nje ya kazi yako.

Kifo chake kilichukua usiku mmoja. Alfajiri ya tarehe 27 Mei 1911, saa chache kabla ya kufungua msimu, mafundi walikuwa wakiziba uvujaji katika mchezo wa mashua ulioitwa Hell Gate. Taa zikazimika, chombo cha lami ya moto kikapinduka gizani, na majengo ya mbao na plasta yakashika. Presha ya maji haikutosha. Watoto wa kuvezi waliokolewa wote, na hakuna mtu aliyekufa, ila wanyama wengi wa maonyesho waliungua. Simba mmoja alitoka mbio huku manyoya yakiwaka, akapigwa risasi mbele ya watu. Bustani hiyo yenyewe ilikuwa na onyesho la wazimamoto wakizima jengo linaloungua, lililojaza watu kila siku.

Haikujengwa tena. Ardhi iliishia kwa mji, na tangu 1957 hapo pana jumba la samaki la New York. Mabaki karibu hakuna, lakini picha ni nyingi, na ipo filamu fupi ya kampuni ya Edison ya mwaka 1905 inayoonyesha taa za Coney Island usiku. Haina sauti, kwa hiyo lugha haikuzuii.

Inamfaa anayetaka sababu moja iliyo wazi na tarehe moja. Inamfaa pia anayeandika juu ya usalama: Goma tumejenga nyumba nyingi za mbao juu ya mawe ya volkano, na wa Bukavu wanajua moto ukiingia Kadutu unavyoruka kutoka ukuta hadi ukuta. Anayetaka kueleza biashara ya ardhi hatapata mengi hapa.

Steeplechase Park (1897–1964)

Hii ndiyo iliyoishi muda mrefu kuliko bustani nyingine kubwa za zamani za Coney Island, na ndiyo yenye mengi ya kusema. Mwanzilishi wake, George C. Tilyou, alikulia palepale pwani. Mwaka 1893 alikwenda kwenye maonyesho ya Chicago, akaona gurudumu kubwa la kubeba watu angani, akataka kulinunua. Lilikuwa limeshauzwa. Akaagiza dogo zaidi, na kabla halijafika akasimamisha kibao kwenye kiwanja chake kutangaza kwamba hapo litajengwa gurudumu kubwa kuliko yote duniani. Mwaka 1897 akazungushia eneo lake uzio, akatoza kiingilio mlangoni. Uzio huo ulikuwa na maana kubwa, kwa sababu Coney Island ya wakati ule ilijaa ulevi na wezi. Ndani ya uzio, mama aliweza kuja na watoto wake bila hofu.

Mchezo uliobeba jina la bustani ulikuwa mbio za farasi wa mbao juu ya reli. Hawakuwa na injini: walivutwa juu, kisha wakaachiwa washuke kwa uzito wao, kama chukudu iliyojaa kabichi inavyoshuka kutoka Kibumba. Watu wawili wakikaa farasi mmoja, yaani mvulana na mchumba wake, walikwenda kasi zaidi. Katika zama ambazo vijana hawakuruhusiwa hata kushikana mikono hadharani, Tilyou aliwauzia sababu halali ya kukumbatiana.

Julai 1907 Steeplechase iliungua. Asubuhi yake Tilyou akaweka kibao: atajenga kubwa na nzuri zaidi, na anayetaka kuona magofu yanayofuka moshi alipe senti kumi. Akajenga kweli. Safari hii alisimamisha jumba la chuma na vioo lililofunika michezo mingi, ili mvua isimnyime mapato. Linganisha na Dreamland miaka minne baadaye: pwani ile ile, moto wa aina ile ile, mwisho tofauti kabisa. Tilyou aliishi pale, jina lake lilikuwa pale, na hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Reynolds alikuwa na biashara nyingine za viwanja. Mimi naona hapo ndipo penye kiini cha historia hii, na TFC nzima inaweza kusimama juu ya ulinganisho huo mmoja.

Tilyou alifariki 1914 na familia ikaendelea kwa nusu karne. Mwisho ulikuja taratibu: magari yalipeleka watu mbali zaidi, mtaa ulichakaa, na warithi hawakuwa na nia moja. Ilifungwa Septemba 1964. Mwaka uliofuata Fred Trump, mjenzi wa majumba ya kupanga na baba wa Donald Trump, aliinunua ardhi ili ajenge maghorofa. Mwaka 1966, kabla ya kubomoa lile jumba, alifanya sherehe na kuwaalika wageni wavirushie matofali vioo vyake. Jumba likaanguka kabla wanaotetea majengo ya kale hawajapata njia ya kulilinda. Kisha ruhusa ya kujenga maghorofa haikupatikana. Mji uliinunua ardhi mwaka 1969, na kiwanja kikakaa miaka mingi bila kazi ya maana, mpaka uwanja wa besiboli ulipofunguliwa mwaka 2001.

Kimebaki kitu kimoja, tena kikubwa: mnara wa miavuli ya kushukia kutoka juu (Parachute Jump), wenye urefu wa kama mita 80. Ulijengwa kwa maonyesho ya dunia ya New York ya 1939, ukahamishiwa Steeplechase mwaka 1941. Haubebi watu tena, ila unalindwa kisheria tangu 1989 na usiku unawashwa taa.

Inamfaa anayeandika juu ya parsele, urithi wa familia, ruhusa za ujenzi na kazi ya serikali ya mji. Mwenye kutembea Himbi au Nguba ataona mara moja inavyotuhusu: sehemu kubwa ya maji yetu iko nyuma ya kuta za nyumba na hoteli, na anayetaka kumwogeshea mtoto ziwani anatafuta kwanza mwanya wa kupita. Ugumu wake ni wingi wa habari. Usipochagua kipindi kimoja, itakumeza.

Pacific Ocean Park (1958–1967)

Miaka mitatu baada ya Disneyland kufunguliwa, televisheni ya CBS na wenye uwanja wa mbio za farasi wa Santa Anita waliungana kutengeneza mshindani wake juu ya gati la zamani la Ocean Park, Santa Monica. Walitumia dola milioni 10. Ilifunguliwa tarehe 28 Julai 1958, kiingilio senti 90. Watu walipita chini ya lango la mapambo ya bahari, wakapanda vyumba vya vioo vilivyoning'inia kwenye kamba juu ya mawimbi, au treni iliyopita kwenye shamba la ndizi la kuigiza. (Msomaji wa Kivu atajiuliza nani analipa kutazama migomba. Walilipa.)

Gati la mbao juu ya maji ya chumvi halina mapumziko. Nguzo zinaoza, chuma kinaliwa na kutu, rangi inabanduka. Pesa iliyotakiwa kwa matengenezo haikuisha, nao wamiliki wakabadilika mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akitumia kidogo kuliko aliyemtangulia. Kisha mwaka 1965 mji ulianza kuvunja na kupanga upya mtaa wa jirani, na njia za kufika kwenye lango zikafungwa. Mwaka wa 1959 walikuwa wameingia zaidi ya watu milioni moja. Mwaka 1965 walibaki zaidi kidogo ya laki sita, na 1966 hawakufika laki nne. Kodi na pango la ardhi vikalimbikizwa, na Oktoba 1967 milango ikafungwa. Mashine zilipigwa mnada mwaka 1968 kulipa wadai.

Miaka iliyofuata magofu yaliungua mara kadhaa. Vijana wa mtaa walipanda mawimbi kwa mbao zao katikati ya nguzo zilizooza, jambo la hatari kubwa, na wenyeji walipalinda wasiingie wageni. Magofu yalibomolewa kufikia 1975. Leo pale ni mchanga na maji, na ni pa watu wote. Katika hizi nne, hapa tu kifo cha bustani kiliwarudishia watu ufuko wazi, na ukiandika juu ya haki ya kufika majini huo ni mfano wa dhahabu.

Inamfaa mwanafunzi wa uchumi au wa uhandisi, maana sababu ni nyingi na zinahesabika: chumvi, matengenezo, mtaji, barabara. Aliyewahi kufungua duka Goma anajua barabara ikifungwa kwa ujenzi biashara ya jirani inakufa kabla lami haijamwagwa. Tahadhari moja: ziwa letu ni la maji baridi, kwa hiyo sehemu ya kutu usiihamishe huku kama ilivyo.

Dreamland ya Margate (1920, na tena 2015)

Mwingereza John Henry Iles alivutiwa na Coney Island, akanunua eneo Margate na kulifungua mwaka 1920 kwa jina lile lile la Dreamland. Moyo wake ulikuwa reli ya mbao iitwayo Scenic Railway, iliyopanda na kushuka vilima vya kutengenezwa, huku mtu wa breki akisafiri ndani ya treni yenyewe. Kwa miongo mingi watu wa London walikwenda Margate kwa treni kila kiangazi. Ndege za bei nafuu za kwenda Hispania zilipoanza, fukwe hizo zikapoteza wateja, na mwaka 2003 mwenye Dreamland alitangaza nia ya kuifunga na kuendeleza ardhi kwa namna nyingine.

Wenyeji walikataa. Walianzisha kampeni ya kuiokoa, wakashika silaha moja: tangu 2002 ile reli ilikuwa kwenye orodha ya majengo yanayolindwa, kwa hiyo haikuweza kuondolewa ovyo. Mwaka 2008 moto uliteketeza sehemu yake, na bado hawakuacha. Halmashauri ilichukua ardhi kwa nguvu ya sheria mwaka 2013, Juni 2015 milango ikafunguliwa, na reli iliyotengenezwa ikarudi kazini baadaye mwaka huo huo. Ushindi huo haukuwa na raha ya moja kwa moja: mwaka 2016 kampuni iliyoiendesha iliwekwa chini ya wasimamizi wa madeni.

Inamfaa anayetaka kuandika juu ya raia na mamlaka, na juu ya karatasi, maana hapa karatasi moja iliyoandikwa mapema ilizuia tingatinga. Uhusiano na huku uko kwenye swali la nani anaorodhesha majengo yetu ya kale, kama yale ya miaka ya kikoloni kando ya ziwa Bukavu, kabla mnunuzi hajafika. Anayetaka historia iliyokwisha asiichukue hii.

Na ile ya Ubelgiji

Kwa anayesoma Kifaransa au Kiholanzi vizuri kuliko Kiingereza, ipo Meli Park, iliyoanzishwa 1935 karibu na pwani, De Panne, na familia ya Florizoone iliyouza asali. Ilianza kama bustani ya nyuki. Kampuni ya burudani ya Studio 100 iliinunua, na mwaka 2000 ikafunguliwa kwa jina la Plopsaland. Mahali papo, michezo ipo, jina na nyuki wameondoka. Haitoshi kwa TFC, ila kwa ekspoze fupi juu ya kubadilisha jina na sura ni nzuri.

Kulingana na hali yako

Kama una wiki moja na forfe ndogo ya intaneti, chukua Dreamland ya Coney Island: habari zake ni fupi, filamu ya 1905 ni ya dakika chache, na ukumbi utakusikiliza bila kusinzia. Kama kazi yako inasomwa na mwalimu wa sheria au wa mipango ya miji, nenda Steeplechase, na ujifunge kwenye miaka ya 1964 hadi 1969. Mwenye kupenda hesabu apeleke jina lake Pacific Ocean Park, atengeneze jedwali la watu walioingia kila mwaka, aweke kando yake tarehe za barabara kufungwa. Aliye kwenye kikundi cha vijana wa kartye wanaotetea njia ya kwenda ziwani asome Margate kwanza, halafu Santa Monica, kwa mpangilio huo, kwa sababu ya kwanza inaonyesha namna ya kupigania na ya pili inaonyesha kinachopatikana.

Na kama mwalimu amekuruhusu kulinganisha mbili, weka Dreamland na Steeplechase za Coney Island upande kwa upande, uanze na mioto miwili, ya 1907 na ya 1911. Usianze na taa. Taa zitachukua kurasa zote.